Lukwale Inatekwa kwa Siku Moja

Nchi yetu ina mabonde, ina madini, ina Mkuu wa Nchi mwenye afya njema, lakini kinachotufanya tulale usingizi mtamu ni kwamba tuliwahi kushinda. Zamani sana, kabla ya barua na kabla ya suruali, alikuwapo jemadari aliyeitwa Lubambo. Alitoka mashariki akiwa amepanda kiboko, akavuka mito yote, akazishinda falme sita. Haya tunafundishwa tangu darasa la kwanza. Mwalimu mmoja wa jiografia aliwahi kuuliza kiboko alipandaje Milima ya Sengo, ambako hakuna maji wala majani. Serikali, kwa kuuthamini udadisi wake, ilimhamishia huko huko Milima ya Sengo akafanye utafiti. Hajarudi. Inaelekea utafiti umemnogea.

Mkuu wa Nchi ni wa ukoo wa Lubambo. Jambo hili lilithibitishwa na tume ya wataalamu, ambao walilinganisha pua yake na pua ya sanamu ya Lubambo iliyoko uwanja mkuu, wakakuta hazitofautiani hata kidogo. Sanamu yenyewe ilichongwa mwaka ule ule Mkuu alipoapishwa.

Kwa kuwa ushindi ni urithi na urithi unahitaji kutunzwa, tunayo Wizara ya Ushindi wa Kale. Waziri wake wakati wa mambo ninayoyasimulia alikuwa Dokta Anatoli Shigela, mtu mwembamba, msomi, mwenye sauti ya upole kama ya daktari wa watoto. Ni yeye aliyegundua kasoro. Falme zetu zilikuwa sita, na majirani zetu nao wana jemadari wao wa kale, ambaye vitabu vyao vinasema alishinda saba.

"Hatuwezi kulala," alisema redioni, "tukijua kwamba tuko nyuma kwa ufalme mmoja."

Sisi tuliokuwa tukilala tukaanza kukosa usingizi, kama ilivyoelekezwa. Wizara ikatafuta ufalme wa saba, ikaupata Lukwale.

Lukwale ulikuwa mji mdogo huko uwanda wa juu, wenye chemchemi isiyokauka hata katika kiangazi kikali. Watu wake walilima vitunguu na kabichi na hawakumsumbua mtu. Walikuwa na hadithi yao moja kuhusu Lubambo. Kwa maelezo yao, jemadari huyo aliuzingira mji wao, lakini maji yote yalikuwa ndani ya ukuta, na jeshi lake likaanza kuzimia kwa kiu. Watu wa Lukwale wakawaonea huruma, wakawateremshia maji kwa vibuyu na kamba. Lubambo akanywa, akaona haya, akaenda zake. Hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Mtu yeyote anaona kwamba hadithi kama hiyo haiwezi kujenga taifa.

Dokta Anatoli aliijua hadithi hiyo vizuri, kwa sababu alizaliwa Lukwale. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, naye akalelewa na mama yake mkubwa, Bi Nyamizi, mjane ambaye hakujaliwa mtoto wake mwenyewe. Bi Nyamizi alimlea kwa vitunguu. Aliviuza vibichi, akaviuza vikavu, akaviuza hata majani yake, mpaka kijana akavaa joho la chuo kikuu. Na alipokuwa mdogo, kila alipokataa kula, alisimuliwa Lubambo na vibuyu vya maji mpaka sahani ikaisha.

Siku Waziri alipokwenda Lukwale kuomba mji utekwe, watu wote walikusanyika uwanja wa shule. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na beji ya kiboko. Alianza kwa kumwendea Bi Nyamizi, akainama mbele ya kamera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Ni kazi za taifa, mama."

Kisha akapanda jukwaani na kueleza. Kungekuwa na maonyesho makubwa ya vita vya Lubambo, yatakayorushwa na televisheni nchi nzima. Watu wa Lukwale wangecheza kama watu wa Lukwale. Jeshi la taifa lingecheza kama jeshi la Lubambo. Jeshi lingekuja, mji ungesalimu amri, muziki ungepigwa, watu wangekula pilau, na kila mtu angerudi nyumbani kwake. Baada ya hapo serikali ingevuta bomba kutoka kwenye chemchemi mpaka kila nyumba.

Mwenyekiti wa mji, mzee mmoja mwangalifu aliyeitwa Kashindye, alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, sisi hatukutekwa. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nawaomba. Mtu aliyekwisha kutekwa haombwi."

"Na tutatekwa mpaka lini?"

"Siku moja tu."

Watu wakanong'ona. Hapakuwa na shauku yoyote. Hapo Bi Nyamizi akasimama. Hakuwa msemaji wa mikutano, na alizungumza huku akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Mimi mambo ya serikali siyajui," alisema. "Lakini huyu namjua. Nimemwogesha, nimemuuguza. Akisema siku moja, ni siku moja. Kama hamwamini yeye, niaminini mimi."

Walimwamini. Katika mji ule hakuna aliyewahi kununua kwake kitunguu kilichooza.

Maandalizi yakaanza. Wizara iligundua kwamba ukuta wa kale ulikwisha kuanguka, na mji usio na ukuta hauvutii kuuteka, hivyo wananchi waliombwa wajenge mwingine. Wakafyatua matofali, wakajenga, wakaweka na lango la mbao za mninga ambalo lilisifiwa sana na wakaguzi kwa sababu lilifunguka kirahisi kutoka nje. Mwenyekiti Kashindye alipewa maneno ya kusema atakapopiga magoti, maneno aliyoyatunga Waziri mwenyewe. Mzee akayakariri akichunga mbuzi.

Siku ilipofika, askari walikuja wamevaa magome ya miti juu ya magwanda. Nafasi ya Lubambo alipewa kanali mmoja mnene. Serikali ilikuwa imemwandalia kiboko halisi, lakini Kanali na kiboko walipoonana kila mmoja alirudi nyuma, kwa hiyo akatengenezewa kiboko wa mbao aliyewekwa juu ya trekta. Mvua ilikuwa imenyesha. Mita chache kabla ya lango, trekta likazama kwenye tope. Askari walisukuma, wakateleza. Muziki wa vita ulipigwa, ukaisha, ukapigwa tena. Kanali alikaa juu ya kiboko wake ameinua mkuki, akiuhamisha mkono huu na huu.

Watu wa Lukwale walichungulia juu ya ukuta, wakatazamana. Kisha, kwa kuwa walikuwa watu wa vile, wakafungua lango wenyewe, wakatoka, wakasaidia kusukuma. Bi Nyamizi alisukuma kwa bega. Ndivyo jemadari alivyoingia Lukwale, akisukumwa na aliokuja kuwateka, na televisheni ikatangaza kwamba wenyeji walikuwa wamelemewa na hofu.

Mwenyekiti Kashindye akapiga magoti, akasema bila kukosea, "Nimeshindwa, mimi na watu wangu, na kila aliyezaliwa Lukwale popote alipo, na tulichonacho ni chake aliyetushinda." Nchi nzima ilishangilia. Mimi mwenyewe nilimkumbatia jirani ambaye hatusalimiani. Tulikuwa na falme saba.

Pilau lilikuwapo, kama ilivyoahidiwa. Asubuhi yake askari hawakuondoka.

Mwenyekiti alimfuata Kanali, aliyekuwa anapiga mswaki kando ya chemchemi.

"Afande, tunashukuru. Mchezo umekwisha."

"Mchezo gani?" aliuliza Kanali. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua kweli.

Ikabidi watu wa Lukwale waelezwe. Ipo Sheria ya Kuenzi Ushindi, ambayo inasema kilichotekwa na Lubambo ni mali ya Lubambo, na mali ya Lubambo ni ya mrithi wake. Kama Lukwale wasingekiri, sheria isingewahusu. Lakini walikiri wenyewe, wakiwa timamu, mbele ya wananchi milioni kadhaa. Serikali isingeweza kujifanya haikusikia. Hiyo ingekuwa dharau kwa mzee aliyepiga magoti.

Wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa Uwanda wa Mawe, mahali ambapo jina lake linajieleza. Walipewa hadhi rasmi ya mateka wa kihistoria. Kazi yao ingekuwa kutembea kila mwaka katika gwaride la Siku ya Ushindi, wamefungwa kamba shingoni. Serikali, kwa utu wake, iliagiza kamba laini. Bomba nalo lilivutwa kutoka kwenye chemchemi kama ilivyoahidiwa, isipokuwa nyumba lilikofikishwa ilikuwa moja, na ilikuwa kiwanda cha mrithi. Maji yakaanza kuuzwa kwenye chupa zenye picha ya kiboko. Ni maji mazuri. Nyumbani kwangu hatunywi mengine.

Huko Uwanda wa Mawe hakuna aliyemtukana Bi Nyamizi. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Walimwamkia kama kawaida, wakamgawia kuni, na akitokea mahali, mazungumzo juu ya nyumba zao yalikatika. Siku moja alimsikia mwanamke jirani akimwambia mwenzake, "Shh, mama wa watu amekuja," naye akarudi kibandani, akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu malori.

Akaamua kwenda mji mkuu.

Waziri alimpokea. Ninalisema hili kwa sababu wapo wanaodai viongozi wetu hawapokei watu. Alimpisha kwenye kiti cha ngozi, akafunga mlango, akavua miwani.

"Mama, kwa nini hukuniambia unakuja? Ningetuma gari."

"Uliniambia siku moja, Anatoli."

"Na ilikuwa siku moja. Kutekwa kulichukua siku moja. Kubaki umetekwa ni suala jingine, hata kwenye sheria liko sura nyingine."

Bi Nyamizi alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kukohoa.

"Ulijua?"

"Mama."

"Nakuuliza. Siku ile umeinama unaniamkia, ulikuwa unajua?"

Waziri aliinuka akaenda dirishani. Kutoka pale sanamu ya Lubambo ilionekana kwa nyuma.

"Wangeichukua chemchemi kwa njia yoyote ile," alisema. "Kama si mimi, ingekuwa mtu mwingine, na mtu mwingine angewapiga risasi. Mimi niliwatafutia njia ya pilau. Hakuna aliyeumia. Wewe ulinisaidia kuokoa watu, mama, sema tu huoni hivyo sasa."

"Nilisimama mbele ya watu nikasema wakuamini."

"Na taifa linakushukuru."

Hapo Waziri mwenyewe alisikia alivyosema. Akageuka haraka, akatafuta kitu cha kumpa, akachukua chupa ya maji iliyokuwa mezani, akaifungua, akaimimina kwenye glasi. Bi Nyamizi alikuwa na kiu ya safari. Akanywa kidogo. Akainyanyua glasi, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaiweka mezani taratibu, pembeni kabisa, mbali naye.

"Maji ya nyumbani," alisema. Akajifunga khanga yake na kuondoka.

Mambo yangeishia hapo, na ningekuwa na hadithi ya kawaida ya maendeleo. Lakini katika Baraza la Mawaziri alikuwapo Bwana Tungaraza, Waziri wa Mipaka, aliyeipenda sana Wizara ya Ushindi wa Kale kwa sababu ina magari mapya. Bwana Tungaraza alikuwa na tabia adimu kwa viongozi wetu: alisikiliza hotuba mpaka mwisho. Akayakumbuka maneno ya Mwenyekiti Kashindye. Kila aliyezaliwa Lukwale, popote alipo. Akasimama barazani na kuuliza kwa unyenyekevu kama ni halali mateka wa kihistoria kukaa meza moja na mrithi wa Lubambo.

Baraza likashtuka. Mkuu wa Nchi akageuza ile pua upande wa Dokta Anatoli. Ikaundwa Mahakama ya Asili, iliyotaka mtu aliyemwona akizaliwa, na shahidi wa pekee aliyeitwa alikuwa Bi Nyamizi, kwa kuwa wakunga walikwisha kufa na kumbukumbu za zahanati ya Lukwale zilibomolewa pamoja na zahanati.

Siku chache kabla ya kesi, gari jeusi liliingia Uwanda wa Mawe likirusha changarawe. Dokta Anatoli alishuka peke yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Watu waliokuwa wakipepeta mtama waliinua macho, wakaendelea kupepeta.

Alimkuta mama yake mkubwa akipanga mawe kuzunguka mche wa kitunguu. Akachuchumaa karibu naye na suti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Wamekwambia?"

"Wameniambia. Yule mwenzako alituma mtu. Anasema nikisema kweli nitaitwa mzalendo."

"Ukisema kweli, mama, nitafungwa kamba kama ninyi."

"Kamba ni laini," alisema Bi Nyamizi. "Haikwaruzi. Ni jua tu linalosumbua."

Anatoli alichukua jiwe dogo, akaliweka kwenye mstari, likakaa vibaya, Bi Nyamizi akaliondoa.

"Nakuomba useme hunifahamu," alisema hatimaye. "Kwamba si wewe uliyenilea. Neno moja tu. Nikibaki kwenye kiti nitawarudisha wote nyumbani, naapa. Nipe muda tu, nita..."

"Usiniahidi kitu."

"Mama, nakuapia."

"Nimekusikia unachotaka. Nenda. Lakini usiniahidi kitu hapa, watu wanasikia."

Alipoondoka, Mwenyekiti Kashindye alikuja akakaa juu ya ndoo. Alikuwa amezeeka ghafla tangu siku ya magoti.

"Mama, sisi hatukupangii," alisema. "Lakini kama ni mimi, ningemtaja. Aje huku. Atembee mbele yetu kwenye gwaride, tuone kisogo chake."

"Na baada ya hapo?"

Mzee alifikiri.

"Baada ya hapo hakuna kitu," alikiri. "Lakini ningetembea vizuri zaidi."

Bi Nyamizi aliendelea na mawe yake.

Mahakama ya Asili iliketi katika ukumbi wenye mazulia. Majaji walivaa kofia zenye masikio ya kiboko, kwa heshima ya historia. Bwana Tungaraza aliuliza maswali mwenyewe, akiwa na furaha isiyofichika. Dokta Anatoli alikaa upande wa pili, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyepelekwa kupigwa sindano.

"Mama," alisema Tungaraza, "je, uliwahi kulea mtoto aitwaye Anatoli?"

"Nilimlea."

Ukumbi ukavuma. Tungaraza akawageukia majaji, akamrudia shahidi.

"Tueleze."

"Alikuwa mtoto wa mdogo wangu. Alizaliwa mdogo, nikamweka kwenye pamba. Nilimlisha kwa kijiko. Alipopata surua nilimbeba mgongoni mpaka misheni, na njiani alikuwa ananiuliza kama nimechoka. Anaumwa yeye, ananiuliza mimi. Alikuwa na moyo huo. Wenzake wakiiba mahindi alikuwa anakuja kusema kabla hajaulizwa. Hakuweza kukaa na uongo, ulimwumiza tumbo."

"Vizuri sana. Na mtoto huyo ndiye huyu aliyeketi hapa?"

Bi Nyamizi aligeuka, akamtazama Anatoli. Alimtazama muda mrefu, kuanzia viatu mpaka miwani, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Anatoli alitaka kuinamisha macho, akashindwa.

"Siye," alisema.

"Mama, umeapa."

"Nimeapa. Mtoto wangu siwezi kumsahau. Huyu simfahamu."

Tungaraza aliuliza tena kwa njia nyingine, na tena kwa nyingine, na kila mara jibu lilikuwa hilo hilo, kwa sauti ile ile. Majaji wakavua kofia zao, dalili ya kwamba wameridhika. Hukumu ilisomwa papo hapo: Dokta Anatoli Shigela hakuzaliwa Lukwale, hakulelewa Lukwale, na hana uhusiano na mtu yeyote wa Lukwale. Kwa kuwa hakuna mahali pengine palipojitokeza kumdai, ilitamkwa kwamba alizaliwa na taifa. Magazeti yetu yaliandika kwa herufi kubwa kwamba Waziri hana kwao, na sote tuliona ni heshima kubwa.

Nje ya ukumbi waandishi walimzunguka. Mawaziri wenzake walimpa mkono, Tungaraza naye akampa, wa baridi. Juu ya mabega yao Anatoli alimwona Bi Nyamizi akiteremka ngazi peke yake, akishika ukuta kwa sababu ya magoti. Akawapenya watu. Akamfikia ngazi ya chini.

"Mama," alisema. "Mama, subiri."

Bi Nyamizi alisimama. Waandishi walikuwa wanakuja na kamera zao. Akamgeukia kwa adabu, kama unavyomgeukia mgeni aliyekusimamisha barabarani.

"Umenifananisha, mheshimiwa," alisema.

Akamwuliza mlinzi wa lango magari ya Uwanda wa Mawe yanapakilia wapi, akaelekezwa, akaenda.